Kung'atuka, Kujiuzulu na Kukabidhi: Maana na Matumizi ya Kitenzi cha Kiingereza "Step Down" katika Kiswahili cha Uongozi, kwa Kurejelea Tanzania na Ukanda wa Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala haya yanachambua maana na matumizi ya kitenzi cha Kiingereza "step down" kinapohusu uongozi, na namna Kiswahili kinavyoibeba maana hiyo. Hoja kuu ni kwamba kitenzi hicho hueleza mahali anakoelekea kiongozi, yaani chini ya jukwaa la madaraka, bila kueleza nani aliyeamua aondoke, kama muda wake ulikuwa umekwisha, wala nani aliyepokea madaraka. Kiswahili huyagawa mambo hayo katika vitenzi mbalimbali: jiuzulu, ng'atuka, staafu, wajibika, kabidhi, achia ngazi na vinginevyo. Uchambuzi unategemea matukio ya hadhara katika historia ya Tanzania na nchi jirani, pamoja na sentensi zilizotungwa kwa ajili ya ulinganishi. Inaonekana kwamba mfasiri asiyejua mazingira ya tukio hawezi kuchagua kitenzi sahihi, na kwamba uchaguzi usio sahihi unaweza kuficha wajibu wa mtu au kumzushia.

Maneno muhimu: ng'atuka, jiuzulu, uongozi, sitiari, tafsiri, Ngara, Biharamulo.

1.0 Utangulizi

Kiingereza kina kundi kubwa la vitenzi vinavyoundwa kwa kuunganisha kitenzi na neno dogo la mahali au mwelekeo. Maana ya kitenzi cha namna hiyo mara nyingi haipatikani kwa kujumlisha maana za sehemu zake. Mwanafunzi wa sekondari anayejua kwamba "step" ni kupiga hatua na "down" ni chini atakuwa sahihi akisoma habari ya mtu anayeteremka ngazi. Akikutana na kitenzi hichohicho katika habari ya waziri au mwenyekiti, tafsiri ya neno kwa neno itampotosha.

Katika uwanja wa uongozi, "step down" humaanisha kuacha wadhifa, hasa wadhifa wa juu. Maana hiyo ni pana. Kiongozi aliyeandika barua kwa hiari, aliyeshinikizwa na chama chake, aliyemaliza kipindi chake na aliyeshindwa katika uchaguzi wote huweza kuelezwa kwa kitenzi hicho kimoja. Msomaji wa Kiingereza hutegemea sentensi zinazofuata ili ajue kilichotokea. Msomaji wa Kiswahili hutarajia kitenzi chenyewe kimweleze sehemu kubwa ya habari hiyo.

Tofauti hii ina uzito usio wa sarufi pekee. Habari za uongozi wa Afrika Mashariki huandikwa na kusomwa kwa lugha zote mbili, na nyingi hufasiriwa kwa haraka. Kusema kwamba mtu "amejiuzulu" ni kudai kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetenda. Iwapo aliondolewa, kitenzi hicho kinakuwa kimempa tendo ambalo halikuwa lake, na kimemwondolea mwingine tendo alilolifanya.

2.0 Sitiari ya kushuka na sitiari ya kushika

Kitenzi cha Kiingereza kimejengwa juu ya picha ya mwinuko. Madaraka ni jukwaa au kiti kilichoinuliwa, na anayeyaacha huteremka. Kiswahili nacho kina picha ya mwinuko katika uongozi: mtu hupanda cheo, na anayeadhibiwa hushushwa cheo. Hata hivyo, katika Kiswahili kushuka hubaki ndani ya ngazi ileile ya vyeo. Aliyeshushwa cheo bado ana cheo, ila kidogo kuliko cha awali. Kwa hiyo sentensi "Waziri alishuka" haiwezi kupokewa kuwa waziri aliacha kazi. Msikilizaji atauliza alishuka kutoka wapi, au atadhani kwamba heshima yake imepungua.

Picha inayotawala vitenzi vya Kiswahili vya kuacha uongozi ni ya mkono na kitu kilichoshikwa. Kiongozi hushika madaraka, hukamata nchi, huachia ngazi, hukabidhi ofisi. Anayeondolewa kwa nguvu hunyang'anywa madaraka au huvuliwa cheo. Madaraka yanapokuwa kitu kilichomo mkononi, maswali mawili huzuka papo hapo: nani aliyeulegeza mkono huo, na nani aliyekipokea kitu? Sitiari ya kushuka haiulizi lolote kati ya hayo, kwa sababu anayeteremka jukwaani huliacha jukwaa mahali pake na huweza kuteremka bila kuwapo mpokeaji.

3.0 Vitenzi vya Kiswahili na mipaka yake

3.1 Jiuzulu

Shina la kitenzi hiki ni uzulu, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kumwondoa mtu katika wadhifa. Kiambishi -ji- cha kujirejea kinamfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja: anayejiuzulu anajiondoa mwenyewe. Hiki ndicho kitenzi cha sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 42, inakitaja kujiuzulu kuwa njia mojawapo ya kukoma kwa urais. Ibara ya 149 inaweka utaratibu: mwenye madaraka hutoa taarifa ya maandishi iliyotiwa sahihi kwa mkono wake. Barua na sahihi ni alama za nje za -ji- iliyomo katika kitenzi.

Kwa sababu ya kiambishi hicho, kitenzi hakikubali kauli ya kutendwa. Huwezi kusema mtu "alijiuzuliwa". Palipokuwa na shinikizo, msemaji hulazimika kuongeza kitenzi kingine: ameshinikizwa kujiuzulu, amelazimishwa kujiuzulu. Ikilinganishwa, lugha ya Kinyarwanda, inayozungumzwa ng'ambo ya mpaka wa Ngara, huwa na kitenzi kwegura kwa maana ya kujiuzulu na kweguza kwa maana ya kumfanya mtu ajiuzulu. Lugha hiyo huonyesha mkono wa mtu wa pili ndani ya kitenzi chenyewe. Kiswahili huuonyesha nje ya kitenzi, na kwa hiyo mwandishi anaweza kuuacha bila sarufi kumkosoa.

3.2 Ng'atuka

Kitenzi hiki kilienea katika Kiswahili kupitia Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyekichukua kutoka Kizanaki, lugha yake ya mama katika mkoa wa Mara. Katika jamii za Mara zenye mfumo wa marika, wazee waliomaliza zamu yao ya kusimamia mambo ya jamii huwaachia wanaofuata. Wazo la zamu ndilo kiini cha maana: anayeng'atuka hakukosea wala hakushindwa, bali amefika mahali pa kumpisha mwingine.

Kwa umbo, neno hili lilipokewa kwa urahisi. Mzungumzaji wa Kiswahili husikia ndani yake kitenzi ng'ata, pamoja na mnyambuliko wa -uka unaopatikana katika jozi kama funga na funguka au bana na banuka, unaogeuza tendo la awali. Husikika kana kwamba meno yaliyokuwa yameuma sasa yameachia. Tafsiri hiyo ya umbo si lazima iwe ndiyo asili ya neno katika Kizanaki, lakini inaeleza kwa nini neno lilikaa vizuri karibu na achia na kabidhi: nalo ni neno la kulegeza.

3.3 Staafu na wajibika

Staafu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuomba kuondolewa katika kazi. Katika Kiswahili maana yake imehamia kwenye ukomo wa utumishi kwa umri au kwa kipindi. Katika utumishi wa umma wa Tanzania, kwa jumla, mtumishi huweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55 na kwa lazima akifikisha miaka 60. Marais waliomaliza vipindi vyao huitwa marais wastaafu. Staafu basi ni kitenzi cha kalenda: uamuzi ulikwishafanywa na sheria kabla ya siku yenyewe kufika.

Wajibika, kwa maana ya jumla, ni kutimiza au kubeba wajibu. Katika siasa za Tanzania limepata maana ya pili: kuacha wadhifa kwa sababu ya kosa lililotokea chini ya usimamizi wa mtu, hata kama hakulitenda yeye. Mbunge anaposema bungeni kwamba waziri "awajibike", wasikilizaji huelewa kuwa anamtaka aache uwaziri. Kiingereza hakina sababu hiyo ndani ya "step down". Huiongeza kwa maneno mengine.

3.4 Kabidhi, achia ngazi, bwaga manyanga, kaa kando

Kabidhi huhitaji yambwa mbili: kitu na mpokeaji. Sentensi "Rais alikabidhi" haijakamilika mpaka itajwe alichokabidhi na aliyekabidhiwa. Kwa sababu hiyo ndicho kitenzi kinachofaa zaidi pale ambapo habari kubwa ni mwendelezo wa mamlaka. Achia ngazi na bwaga manyanga ni misemo ya magazetini na mazungumzoni. Wa kwanza hautofautishi sana hiari na shinikizo, na kwa upana huo ndio unaoikaribia zaidi "step down". Wa pili, wenye picha ya mchezaji ngoma anayetupa manyanga yake, hubeba dalili ya kuchoka au kukata tamaa. Kaa kando humaanisha kuondoka kwa muda ili uchunguzi ufanyike, wadhifa ukishikwa na kaimu. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya aliwataka maofisa waliotajwa katika ripoti ya tume ya kupambana na rushwa wakae kando kwa namna hiyo. Kuliita tendo hilo kujiuzulu kungekuwa kumaliza jambo ambalo bado lilikuwa likichunguzwa.

4.0 Matukio manne ya Tanzania

Tofauti zilizoelezwa zinaonekana wazi katika kuondoka kwa viongozi walewale kwa nyakati mbalimbali.

Nyerere aliacha nafasi mbili kuu za serikali, na Kiswahili kinazikumbuka kwa vitenzi viwili. Tarehe 22 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 Desemba 1961, aliacha uwaziri mkuu ili akijenge chama cha TANU, na Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo. Hapo husemwa kwamba alijiuzulu. Tarehe 5 Novemba 1985 aliacha urais na Ali Hassan Mwinyi akaapishwa. Hapo husemwa kwamba aling'atuka. Katika Kiingereza matukio yote mawili yangeweza kuandikwa kwa kitenzi kimoja. Tofauti ya Kiswahili inatokana na wakati na mpito: mwaka 1962 aliondoka katikati ya kazi iliyokuwa imeanza tu, mwaka 1985 aliondoka mwishoni mwa kipindi, bila kugombea tena, na mrithi akiwa amepatikana kwa uchaguzi.

Hata hivyo, kung'atuka huko hakukuwa kuachia kila kitu. Nyerere aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990. Jambo hili linaonyesha kwamba ng'atuka huhitaji kutajiwa wadhifa unaohusika: aling'atuka urais, si uongozi wote. Mtafiti anayeandika "Nyerere aling'atuka mwaka 1985" bila kuongeza neno urais anaacha pengo la miaka 5.

Tukio la tatu linamhusu Aboud Jumbe, aliyeacha urais wa Zanzibar Januari 1984 wakati wa kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM mjini Dodoma, kilichojadili kile kilichoitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar. Kwa lugha rasmi, alijiuzulu. Kwa maelezo ya wengi, hakuwa na njia nyingine. Kiambishi -ji- kinashuhudia barua, lakini hakishuhudii kikao. Mwandishi wa historia hana budi kukitaja kikao chenyewe, kwa kuwa kitenzi hakitamfanyia kazi hiyo.

Tukio la nne ni la kuwajibika. Mwaka 1977 Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliacha uwaziri kutokana na vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Hakutuhumiwa kuwa yeye ndiye aliyetenda. Aliubeba wajibu wa wizara. Baada ya miaka 8, mtu huyohuyo aliyewajibika ndiye aliyepokea urais kwa Nyerere aliyeng'atuka. Lau maneno hayo yote yangefasiriwa kwa kitenzi kimoja cha kushuka, msomaji asingeelewa kwa nini kuacha wadhifa mwaka 1977 hakukumharibia Mwinyi jina. Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu tarehe 7 Februari 2008 kufuatia ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, mjadala wa umma kwa sehemu ulikuwa juu ya neno hilohilo: je, alikuwa amewajibika kwa niaba ya serikali, au alikuwa amekiri kosa lake?

Inafaa pia kutazama kuondoka kwa Mwinyi mwaka 1995, Benjamin Mkapa mwaka 2005 na Jakaya Kikwete mwaka 2015. Wote walimaliza vipindi viwili vinavyoruhusiwa na Katiba. Hiari iliyokuwa kiini cha ng'atuka haikuwapo tena, kwa kuwa sheria ilikuwa imekwisha kuamua. Ndiyo maana staafu limeshika nafasi kubwa zaidi katika kuwataja. Ukomo wa vipindi umelifanya jambo ambalo mwaka 1985 lilihitaji neno jipya kuwa utaratibu wa kawaida.

Nchini Kenya neno limesafiri na kubadilika. Huko ng'atuka hutumika pia kama dai: waandamanaji humtaka kiongozi ang'atuke. Katika matumizi hayo sehemu ya hiari imefifia, na neno limekaribia upana wa "step down". Msomaji wa Tanzania anayekutana na matumizi hayo asiyahesabu kuwa makosa. Ni mwelekeo mwingine wa neno lilelile.

5.0 Mpakani: Ngara, Biharamulo na uzito wa mpokeaji

Wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera ni mahali pazuri pa kupima hoja hii. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Kihangaza na Kisubi, lugha za ukanda huu, ziko katika kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda. Wakazi wake wamezipokea habari za nani ameacha madaraka ng'ambo si kwa redio tu, bali kwa watu waliovuka mpaka.

Historia ya Pierre Buyoya wa Burundi inagusa karibu vitenzi vyote. Septemba 1987 alimpindua Jean-Baptiste Bagaza. Juni 1993 alishindwa katika uchaguzi, na Julai akamkabidhi madaraka Melchior Ndadaye. Ndadaye aliuawa Oktoba mwaka huohuo, na Warundi wengi wakakimbilia nchi jirani, Tanzania ikiwamo. Julai 1996 Buyoya alishika tena madaraka kwa mapinduzi. Tarehe 30 Aprili 2003 alimkabidhi Domitien Ndayizeye, kwa mujibu wa mpangilio wa mpito uliotokana na Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, ambao usuluhishi wake uliongozwa na Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999.

Kuondoka kwa Buyoya mwaka 1993 na mwaka 2003 kote kunaweza kuandikwa "step down". Kwa Kiswahili, ng'atuka halifai: mara ya kwanza aliondolewa kwa kura, mara ya pili kwa masharti ya mkataba. Jiuzulu pia halifai, kwa kuwa hakukatisha kipindi chake kwa barua. Kinachofaa ni kabidhi, na ubora wake ni kwamba kinalazimisha jina la mpokeaji kutajwa. Kwa wakazi wa Ngara, jina hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, baada ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda kuuawa na mauaji ya kimbari kuanza, watu wapatao 250,000 waliingia Ngara kwa takribani siku moja kupitia Rusumo. Mahali ambapo kiongozi ameondoka bila mpokeaji anayekubalika, swali la nani ameshika nchi huwa swali la usalama wa watu kabla ya kuwa swali la msamiati.

6.0 Kijijini: Nemba kama mfano wa matumizi

Katika kata ya Nemba, wilayani Biharamulo, kama katika vijiji vingine vya Tanzania, uongozi una aina tofauti za ofisi, na kila aina ina kitenzi chake. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wananchi kwa kipindi cha miaka 5. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa. Zamani walikuwapo pia watawala wa kurithi, ambao mamlaka yao yalifutwa na serikali ya Tanganyika huru mwaka 1963. Sentensi zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya ulinganishi:

(a) Mwenyekiti amejiuzulu kabla ya muda wake kwisha.
(b) Mwenyekiti ameng'atuka. Hakuchukua fomu ya kugombea tena.
(c) Mwenyekiti ameondolewa na wananchi.
(d) Mtendaji amehamishwa.
(e) Mtendaji amestaafu.
(f) Uchifu ulifutwa.

Sentensi (a) hadi (c) zote zinaweza kurudishwa katika Kiingereza kwa "step down", ingawa (c) itakuwa imepunguzwa makali. Sentensi (d) na (e) hazikubali ng'atuka, kwa sababu mwajiriwa hakupewa zamu na wananchi. Sentensi (f) ni ya pekee: mtawala wa kurithi hakuachia wala kushuka, ofisi yenyewe iliondolewa, naye akabaki bila kitu cha kukabidhi.

Matokeo ya uchaguzi wa neno kijijini ni ya vitendo. Sentensi (a) huwaeleza wananchi kwamba nafasi iko wazi na inapaswa kujazwa. Sentensi (b) huwaeleza kwamba uchaguzi unakuja kwa ratiba yake. Sentensi (c) huwakumbusha kwamba uamuzi ulikuwa wao. Taarifa inayoandika "amejiuzulu" mahali pa (c) inawanyima wananchi tendo lao. Inayoandika "ameondolewa" mahali pa (a) inamchafua mtu aliyeondoka kwa heshima.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Kitenzi "step down" hakina kisawe kimoja cha Kiswahili, na si kasoro ya Kiswahili kwamba hakina. Kabla ya kukifasiri, mfasiri anapaswa kujibu maswali matatu: nani aliamua, muda ulikuwa umekwisha au la, na nani alipokea. Akijibu kwamba mhusika aliamua kabla ya muda, atumie jiuzulu. Kama sababu ilikuwa kosa lililotokea chini yake, aongeze wajibika. Akijibu kwamba mhusika alimpisha mwingine kwa hiari mwishoni mwa zamu, atumie ng'atuka na ataje wadhifa. Kama sheria ndiyo iliyoamua, atumie staafu au maliza muda. Kama jambo kubwa ni mpito, atumie kabidhi. Palipo na shinikizo, alitaje waziwazi, kwa kuwa -ji- huwa na tabia ya kulifunika. Pale ambapo chanzo hakijulikani, achia ngazi au acha wadhifa ni maneno salama zaidi, kwa sababu hayadai kujua kisichojulikana.

Inapendekezwa kwamba walimu wa Kiingereza katika shule za sekondari wafundishe kitenzi hiki kwa kutumia matukio yanayofahamika na wanafunzi, na si kwa orodha ya visawe. Vilevile, vitenzi vya kuacha uongozi katika Kihangaza, Kisubi na lugha nyingine za Kagera vinastahili kukusanywa na kuchambuliwa. Kiswahili kilipohitaji neno la kumtaja kiongozi anayeachia akiwa bado anaweza kushika, kililipata katika lugha ya jamii moja ya Mara. Hakuna sababu ya kudhani kwamba hazina hiyo imekwisha.